Kagua Ukulele Kabla ya Kulaumu Vidole

Ndugu wasikilizaji, wake kwa waume, asanteni kwa kuja.

Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii imewaonea sana watu wanaoanza kupiga ukulele. Mtu anapata chombo chake cha kwanza, anahangaika na kodi ya F siku tatu mfululizo, inatoka sauti ya debe, naye anakata shauri kwamba hana kipaji. Hathubutu kulisingizia jua. Nami nimekuja kuwaambia kwamba kwa ukulele ya kwanza, mara nyingi kosa ni la jua kweli. Nyuzi bado zinavutika, au kiwanda kimeacha mfupa wa juu ukiwa umepanda mno, au uzi mmoja umetyuniwa oktavu isiyo yake. Vidole vitajifunza tu, lakini chombo kibovu hakijifunzi.

Kabla sijaendelea, tukubaliane majina. Kichwani kuna vigingi vinne vya kukazia nyuzi. Shingo imekatizwa na vipande vyembamba vya chuma, ndizo freti, zinazohesabiwa kuanzia kichwani. Chini kuna tumbo lenye tundu, na juu ya tumbo limegundishwa daraja ambako nyuzi hufungwa. Uzi unapita juu ya mifupa miwili: mfupa wa juu unaotenganisha kichwa na shingo, na mfupa wa chini uliosimama kwenye daraja. Siku hizi mifupa hiyo mara nyingi ni plastiki, ila jina tutaliacha lilivyo. Na nikisema kodi simaanishi ile ya serikali. Ni sauti kadhaa zikilia pamoja. Herufi kama C, G au A ni majina ya sauti, na oktavu ni sauti ileile ikijirudia juu au chini zaidi. Kutyuni ni kukaza au kulegeza uzi hadi utoe sauti yake, na tyuna ni kifaa kinachoionyesha sauti hiyo.

Jina la chombo chenyewe halitawasumbua. Ni la Kihawaii: uku ni kiroboto, lele ni kuruka. Wahawaii hulitamka silabi kwa silabi, u-ku-le-le, sawasawa na Mswahili anavyolisoma. Ile “yu” ya mwanzo wameiongeza wasemaji wa Kiingereza. Chombo kilizaliwa Hawaii baada ya meli iitwayo Ravenscrag kutia nanga Honolulu, Agosti 1879, ikiwa na wahamiaji kutoka Madeira, kisiwa cha Ureno. Miongoni mwao walikuwemo mafundi seremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, ambao walianza kukitengeneza kwa kufuata vigitaa vya kwao. Nawataja kwa sababu moja tu: ukulele ni kazi ya seremala tangu mwanzo, na matatizo yake mengi ni ya useremala. Yanapimwa kwa rula.

Saizi ziko nne. Soprano ina urefu wa sentimita 53 hivi toka kichwani hadi mwisho wa tumbo, konsati 58, tenori 66, baritoni 76. Lakini kinachovihusu vidole si urefu wa chombo. Ni urefu wa uzi unaolia, kutoka mfupa mmoja hadi mwingine. Huo ni kama sentimita 34 kwenye soprano, 38 kwenye konsati, 43 kwenye tenori. Uzi ukirefuka, freti zinaachana. Mwenye vidole vinene huambiwa akimbilie tenori, ushauri ambao mimi siukubali, kwa sababu upana wa shingo haupishani sana kati ya saizi hizi tatu, na upana ndio unaombana. Mtu mzima asiye na uhakika achukue konsati. Mtoto mdogo apewe soprano. Baritoni iacheni kwanza: hutyuniwa D, G, B, E, kama nyuzi nne nyembamba za gitaa, kwa hiyo vidole vikikaa ninavyoelekeza leo vitatoa kodi nyingine kabisa.

Mbao nazo zina maneno mengi. Ukulele ya ubao mzima ina sauti nzuri zaidi, ila hupasuka hewa ikikauka. Ya plaiwudi hustahimili. Kwa chombo cha kwanza, plaiwudi si tusi.

Sasa toeni rula. Iwe mko dukani au mmeletewa zawadi, pimeni kutoka mfupa wa juu hadi freti ya 12, halafu kutoka freti ya 12 hadi mfupa wa chini. Vipimo hivi viwili vinatakiwa kukaribiana sana, cha pili kikizidi kwa milimita moja au mbili. Freti ya 12 ndiyo nusu ya uzi, na nusu ya uzi hutoa sauti ileile, oktavu moja juu. Daraja likigundishwa pasipo pake, hakuna kutyuni kutakakoliokoa. Nyuzi zikiwa wazi, yaani bila kubanwa, zitapatana, mkipanda shingo zitagombana. Hakikisheni kwa sikio pia: tyunini uzi wa A, ule wa chini kabisa, kisha baneni freti ya 12 na mtazame tyuna. Inatakiwa isome A tena. Tyuna hugawa nusu toni, yaani hatua ya freti moja, katika sehemu 100 ziitwazo senti. Ikizidi senti 5, hata 10, wengi hawatalalamika, lakini ikifika 20 mtaisikia. Kasoro ya daraja ndiyo pekee ambayo ningesema chombo kirudishwe. Nyingine zote zinatengenezeka.

Mkosaji mkuu ni mfupa wa juu. Una vijifereji vinne, kila kimoja na uzi wake. Vikichimbwa kina kidogo kuliko inavyotakiwa, uzi unakaa juu mno pale karibu na kichwa. Viwanda hupenda kuuacha hivyo, na sababu yake si ngumu kuelewa. Ukulele yenye nyuzi za chini kupita kiasi inanguruma na mnunuzi anairudisha; yenye nyuzi za juu hairudishwi na mtu, kwa kuwa mnunuzi anadhani vidole vyake ndivyo dhaifu.

Kipimo chake ni hiki. Baneni uzi nyuma kidogo ya freti ya 3, upande wa kichwani, na mkiwa bado mmeubana, inameni mtazame freti ya 1. Uzi uwe unaelea juu yake kwa nafasi ya unywele. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Ikipita hapo bila kugusa uzi, mfupa umepanda mno na mtateseka. Namna nyingine ni kutyuni uzi wa C, wa pili kutoka juu, barabara, kisha kubana freti yake ya 1 na kusoma tyuna. Itasema C#, yaani nusu toni juu ya C, ndiyo, lakini iangalieni sindano. Ikilalia juu kwa senti 20 au 30, mmemkamata mwizi. Uzi unaosukumwa mbali zaidi kuifikia freti unavutika zaidi, na uzi uliovutika hupanda sauti. Karibu na mfupa uzi ni mgumu kuliko mahali pengine, kwa hiyo freti ya 1 ndiyo inayoumia kupita zote. Na huko ndiko zinakoishi kodi za mwanzo: F, G7, C7. Mwanafunzi anabana kwa nguvu zake zote, vidole vinauma, na bado kodi haijatulia. Ametimiza wajibu wake. Ni chombo kilichomwangusha.

Fundi wa gitaa atalimaliza hili kwa dakika chache. Anatumia tupa yenye unene wa uzi husika, anapiga mara mbili tatu, anarudisha uzi, anapima, anapiga tena, huku akiinamisha tupa kuelekea kichwani ili uzi uegemee ukingo wa mbele wa mfupa. Atakayejaribu mwenyewe ajue kuwa akizidisha, uzi utagonga freti ya 1 na kunguruma hata ukiwa wazi. Hapo itabidi kijifereji kijazwe kwa unga wa mfupa na supagluu, au mfupa ubadilishwe.

Mfupa wa chini ni rahisi zaidi. Kwenye freti ya 12, nafasi kati ya juu ya freti na chini ya uzi ikiwa milimita 2.5 hadi 3, iacheni. Ikifika 4, legezeni nyuzi, mfupa utachomoka, msugueni upande wa chini kwa msasa uliolazwa mezani. Usisuguliwe juu, huko kuna umbo lake. Na kwa kuwa freti ya 12 iko katikati, ukitaka uzi ushuke milimita 1 hapo lazima uondoe milimita 2 kwenye mfupa.

Tuje kwenye kutyuni. Kuanzia uzi ulio karibu na kidevu chako kushuka, sauti ni G, C, E, A. Aliyetoka kwenye gitaa hutegemea uzi wa juu uwe mzito kuliko zote. Hapa sivyo. Uzi mzito ni C, wa pili kutoka juu, wenye mitetemo 262 kwa sekunde. G ya ukulele ni nyembamba na inalia juu, 392. E ni 330. A ni 440. Kwa mpangilio huo, sauti hazipandi kwa ngazi: zinaanza juu, zinatumbukia kwenye C, kisha zinapanda. Mlio wa ukulele unaoujua umetokana na hilo.

Na mtego mbaya kuliko yote umejificha hapo. Tyuna nyingi husema “G” bila kusema ni G ipi. Uzi wa G ukiwa umelegea kiasi cha kuning'inia, tyuna inaweza kuonyesha G ya chini na taa ya kijani ikawaka. Kinyume chake, mtu aliyepitiliza sauti sahihi anaendelea kukaza akiitafuta ya oktavu ya juu hadi uzi unamrukia usoni. Kinga ni kuanza na C, kisha kupima nyuzi zenyewe kwa zenyewe. Bana C freti ya 4, utapata E. Bana E freti ya 3, utapata G, na uzi wa G ukiwa wazi unatakiwa kulia sawasawa na huo. Bana E freti ya 5, utapata A. Anayeijua njia hii hadanganywi na taa.

Sauti ifikieni kutoka chini kila mara. Ukiipita, legeza hadi chini yake, kisha panda tena. Uzi ulioshushwa kwenye sauti huacha ulegevu kwenye kigingi na kijifereji, na ulegevu huo utajitoa katikati ya wimbo.

Halafu kuna hili la nyuzi mpya. Nyuzi za ukulele ni za nailoni au plastiki ya jamii hiyo, nazo huvutika. Siku ya kwanza utatyuni, utapiga dakika mbili, zitakuwa zimeshuka. Hazijaharibika. Kigingi hakijateleza. Nailoni inanyooka, na itaendelea kunyooka kwa siku kadhaa, pengine wiki moja au zaidi. Ili kuharakisha, tyuni, shika uzi katikati, uvute taratibu kama sentimita moja kutoka shingoni, uachie, tyuni tena. Rudia mara tano kwa kila uzi. Usiilegeze ukulele unapoilaza usiku. Ukifanya hivyo unarudi mwanzo kila asubuhi. Baada ya wiki mbili, uzi ukiwa bado unashuka, hapo ndipo mtazame kigingi. Vile visivyo na meno hushikiliwa na skrubu ndogo mwishoni mwa kishikio. Ikazeni robo mzunguko tu. Tazameni pia fundo la darajani: mkia wa uzi usipobanwa nyuma ya ukingo wa daraja, fundo linajifungua polepole.

Ombi moja kabla sijaondoka kwenye nyuzi: msifunge nyuzi za chuma, za gitaa wala za kitu kingine. Mvuto wake utang'oa daraja na kupindisha shingo.

Haya, chombo kimekaa sawa. Kishikeni. Mkono wa kulia, kati ya kiganja na kiwiko, unakibana kifuani. Mkono wa kushoto haubebi kitu. Ukiuachia, ukulele isidondoke. Mkono ukigeuka kuwa kigingi cha kutundikia, hauwezi kubadilisha kodi. Asiyeweza kuishika hivyo, hasa mwenye tenori, afunge mkanda, wala si aibu. Gumba likae nyuma ya shingo. Kidole kibane kwa ncha, kucha iwe fupi, na kikae nyuma tu ya freti, jirani nayo kabisa. Ukibana katikati ya nafasi utahitaji nguvu nyingi zaidi kwa sauti ileile.

Kodi nne zinatosha kuanza: C, Am, F na G7. Mpangilio huo si wa bahati nasibu. Utazameni kwa karibu. C ni kidole cha pete peke yake, uzi wa A, freti ya 3. Kwenda Am unakiinua na kuweka cha kati uzi wa G, freti ya 2. Kutoka Am kwenda F cha kati hakiondoki. Unaongeza cha shahada tu, uzi wa E, freti ya 1. Kutoka F kwenda G7 cha shahada ndicho kinachobaki palepale: cha kati kinahama kutoka uzi wa G kwenda uzi wa C, freti ileile ya 2, na cha pete kinatua uzi wa A, freti ya 2. Kisha kurudi C, hicho cha pete hakiinuki. Kinateleza freti moja mbele, hadi ya 3, na vingine viwili vinaachia. Katika mzunguko mzima ni hatua moja tu, ile ya kwanza, isiyo na kidole cha kukuongoza. Wengi huinua vidole vyote kila mara na kuanza upya hewani, halafu wanashangaa kuchelewa.

Kodi ikitoka mbovu, usiipige tena kwa hasira. Gusa uzi mmoja mmoja. Uzi unaotoa “tuk” umeguswa na kidole cha jirani. Simamisha kidole hicho. Unaotoa “zzz” haujabanwa vya kutosha, au kidole kiko mbali na freti. Kwenye G7 mkosaji huwa cha kati, kinacholalia uzi wa E. Na mlio wa “zzz” usiokoma kwenye freti ileile, kidole kiwe chochote, ni wa freti iliyoinuka. Hilo ni la fundi.

Fanyeni zoezi la dakika moja. Kodi mbili, kwa mfano F na G7, saa mkononi, hesabuni mmebadilisha mara ngapi bila uzi kufa. Mara 8 siku ya kwanza si vibaya. Zikifika 30, jozi hiyo iko tayari kwa wimbo. Dakika 15 kila siku zinafaa kuliko saa mbili za Jumapili, hasa kwa ngozi za vidole ambazo zitauma wiki mbili za mwanzo na kisha kukomaa.

Mkono wa kulia hupiga pale shingo inapokutana na tumbo, si juu ya tundu. Kidole cha shahada: kushuka kwa ukucha, kupanda kwa nyama. Mwendo unatoka kwenye kifundo cha mkono, kama anayekung'uta maji baada ya kunawa. Anzeni na kushuka peke yake, mapigo 60 kwa dakika, hadi kodi zote nne zibadilike bila kusimama. Kanuni hapa ni kwamba mkono wa kulia hausubiri wa kushoto. Kodi ikichelewa, pigeni nyuzi zikiwa wazi na msonge mbele. Baadaye ongezeni mdundo huu: chini, chini-juu, juu-chini-juu. Hesabu yake ni moja, mbili-na, na-nne-na. Kwenye tatu mkono unashuka kama kawaida ila unapita hewani bila kugusa nyuzi. Anayesimamisha mkono kwenye tatu mdundo unamvunjikia, na hataelewa kwa nini.

Siku moja mtakutana na kodi ya E, ambayo imewafukuza wengi. Mnaweza kuikwepa kwa muda kwa E7: cha shahada uzi wa G freti ya 1, cha kati uzi wa C freti ya 2, cha pete uzi wa A freti ya 2, uzi wa E wazi. Katika nyimbo nyingi hakuna atakayegundua. Na wimbo ukiwa juu au chini ya koo lako, usilazimishe sauti. Hamishia wimbo wote kwenye F: kodi zake ni F, Dm, Bb na C7, na kati ya hizo ni Bb tu inayodai jasho.

Utunzaji hauna mengi. Msiiache kwenye gari lililofungwa juani, gundi ya daraja hulegea. Ubao mzima hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Nyuzi zikianza kuwa na makovu pale zinapokutana na freti, badilisheni zote nne pamoja.

Nimesema ya kutosha. Mbele ya kila mmoja kuna ukulele moja, rula, na tyuna ya kubana kichwani. Nyuzi nimezilegeza kwa makusudi. Tuanze na C.